Mwanga si Mapambo

Januari iliyopita mama yangu alishona sketi 14 za shule, kitambaa cha bluu iliyokoza, kwa uzi mweusi. Si kwamba alikosa uzi wa bluu. Ulikuwa hapo hapo kwenye droo ya cherehani, kando ya ule mweusi, na chini ya balbu yetu zote mbili zilikuwa rangi moja. Aligundua saa tatu asubuhi alipozitoa nje kumpa mteja. Akarudi ndani, akakaa, akaanza kufumua. Siku mbili za kufumua bila malipo, katika mwezi ambao fundi wa nguo hutegemea kupata pesa za kumvusha miezi mitatu.

Nimeanza na sketi makusudi. Ningeanza na maneno "paa la kioo", najua mawazo yako yangeenda wapi. Yangeenda Karen na Runda. Yangeenda kwenye ile picha ya Instagram: mwanamke ameketi kwenye kiti cha fito, kikombe cha kahawa mkononi, mimea inaning'inia, na juu yake anga lote. Ungesema huyu naye ametutoroka, sasa anaandikia wenye pesa. Subiri kidogo.

Nyumba yetu iko Githurai. Ni ya mawe, mabati juu, na marehemu baba aliijenga miaka ya 1990 wakati upande wa kulia kulikuwa na mahindi na upande wa kushoto kulikuwa na ng'ombe wa jirani. Leo kulia kuna ghorofa tano, kushoto kuna sita. Hiyo ya kushoto iko karibu na dirisha la sebule kiasi kwamba nikinyoosha mkono naugusa ukuta wake. Sitii chumvi, nimeugusa. Sisi hatukuhama. Jua ndilo lililohamishwa.

Na usidhani hii ni hadithi ya watu wenye ploti. Kama una umri wangu na unapanga Nairobi, huenda unasoma haya kwenye keja ambayo dirisha lake linafunguka kwenye korido, au kwenye kile kishimo cha hewa ambamo harufu za majiko ya watu 20 hukutana. Umewasha stima saa saba mchana. Tokeni zinaenda. Umezoea, na hilo ndilo linaloniudhi: kwamba tumezoea. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968, ambazo zilitawala nchi hii kwa zaidi ya nusu karne, zilijali mwanga na hewa. Tembea Zimmerman, Pipeline au Roysambu uniambie kama kuna aliyezisoma.

Hoja yangu ni hii. Katika mji huu mwanga wa mchana umegeuzwa kuwa mapambo ya mwisho, kitu kinachosubiri pesa zikibaki, kwenye fungu moja na jipsamu na taa za rangi. Mimi nasema ni sehemu ya nyumba kama vile msingi na choo. Na pale ambapo majirani wamekuziba pande zote, upande mmoja tu umebaki ambao hakuna aliyejenga: juu. Kwa hivyo paa la kioo, hata kipande tu, ni dirisha. Kwa wengine wetu ndilo dirisha la mwisho.

Wazo hili wala si la kigeni. Nenda Lamu, kwenye mji wa kale. Nyumba zile za mawe zimebanana, vichochoro ni vyembamba, kuta za nje ni nene na madirisha upande wa njia ni machache. Ungetarajia giza. Lakini ndani kuna kiwanda, ua ulio wazi juu, na mwanga unashukia hapo kabla ya kuingia vyumbani. Watu wale walikubali kubanana, hawakukubali giza. Sisi wa bara tumechukua kubanana tu.

Nchini Uingereza kulikuwa na kodi ya madirisha kuanzia 1696 mpaka 1851. Ukiwa na madirisha mengi unalipa zaidi, basi watu wakayaziba kwa matofali. Sisi hatujawahi kutozwa kodi hiyo, na bado tunaziba.

Sasa, kuna kambi mbili zilizotufikisha hapa, na nimewahi kuwa ndani ya zote mbili.

Kambi ya kwanza ni ya wanaouza ndoto nzima. Baada ya kisa cha sketi niliamua kushughulikia veranda ya nyuma, ambako mama huweka cherehani. Ni mita 3 kwa 4, ina kuta, ina mabati, ina giza. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokwisha, na tangu hapo nala kwa kalamu: leo makala, kesho maneno ya tangazo la sabuni. Nilikuwa na elfu arobaini. Nikamwita kontrakta mmoja mwenye picha nzuri mtandaoni. Akaja na tepu na kishikwambi, akapima, akaniambia tung'oe paa lote tuweke kioo, fremu za alumini, "chumba cha jua" kamili. Laki tatu na nusu. Akaongeza kwamba malipo ya kwanza ni asilimia 70.

Bei tuiache kando. Hata angenipa bure ningekuwa nimeharibu kazi ya mama. Chumba cha jua cha kioo kitupu kilibuniwa na watu wa nchi za baridi, ambako wakati wa majira ya baridi jua hupita chini, karibu na upeo wa macho, na kila joto linaloingia ni zawadi. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi Machi na mwezi Septemba jua la saa sita linakaa utosini kabisa. Paa ndilo linalopokea joto kuliko ukuta wowote. Funika mita 12 za mraba kwa kioo hapa na umejenga oveni, halafu utanunua mapazia ya kuzuia jua ulilolipia laki tatu uone. Ukiwa Mombasa usijaribu kabisa.

Kambi ya pili ni ya "weka tu chochote". Hii ndiyo iliyokaribia kuniua kwa aibu, kwa sababu mkuu wake nilikuwa mimi.

Baada ya kumkimbia kontrakta nilienda kwa muuza vioo wa kawaida, yule wa kukata vioo vya madirisha na fremu za picha. Nikamwambia nataka vipande vinne vya kuweka juu. Akaniuliza, "Juu wapi?" Nikasema juu tu. Akanikatia kioo cha milimita 4. Fundi tuliyempata akatoa bati mbili, akapiga misumari pembeni, akapaka gundi ya silikoni kama anayepaka siagi kwenye mkate, akaenda. Tuliokoa kama elfu saba hivi. Mwanga uliingia, lazima niseme ukweli, na mama alisimama katikati ya veranda akacheka.

Wiki ya tatu maji yakaanza kupenya. Wiki ya sita, Jumamosi, mtoto wa ghorofa ya nne akaangusha kiazi. Kiazi. Kioo cha dirisha kikivunjika huvunjika kwa mikuki mirefu, na ile mikuki ilishuka moja kwa moja kwenye kiti cha cherehani. Mama alikuwa ametoka dakika chache kabla kwenda kununua sukuma wiki. Niliporudi nilimkuta anafagia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani hiki kioo kilikuwa cha wapi?" Ningependa angenigombeza.

Kwa hivyo nikisema rahisi huwa ghali, sirudii methali ya bibi yangu. Nimeifagia sakafuni.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo nilipaswa kuuliza mwanzo. Nilikaa siku mbili kwenye karakana ya jua kali ya mzee mmoja anayechomelea mageti na vibanda vya maua, mtu ambaye hana tangazo hata moja. Nilimpelekea chai, akanipa darasa. Swali lake la kwanza halikuwa bajeti. Aliuliza, "Nini huanguka huko kwenu?"

Nikamhesabia: vibanio vya nguo, viazi, vipande vya sigara, mara moja sufuria.

"Basi unataka lamineti," akasema. "Ile nyingine usiniletee hapa."

Lamineti ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa kinapasuka, ndiyo, lakini vipande vinabaki vimeng'ang'ania plastiki badala ya kukushukia kichwani. Ndicho kioo cha mbele cha gari. Kuna kile kingine kigumu kilichopikwa kwa joto, ambacho wengi hukisifia. Kina nguvu kweli, lakini kikivunjika hugeuka punje ndogo ndogo na zote huanguka. Kwa mlango wa bafu ni sawa. Juu ya kichwa cha mama yako, chukua lamineti.

Swali la pili lilikuwa: unataka mwanga kiasi gani? Nilidhani zaidi ni bora. Mzee akanichorea kwenye sakafu kwa chaki: utepe mmoja, vioo vinne vya sentimita 60 kwa 120, juu ya pale cherehani inapokaa, mabati mengine yabaki. Jumla yake haifiki mita tatu za mraba. Mwanga wa juu ni mkali kuliko wa dirisha la ukutani, kwa hivyo kidogo kinatosha, na joto halikushindi.

Na vioo vyote viwe kipimo kimoja. Hili lilinikumbusha kitu nilichosoma zamani. Mwaka huo huo wa 1851 ambao Waingereza walifuta kodi ya madirisha, Joseph Paxton alijenga Crystal Palace pale Hyde Park, London, kwa vioo karibu 300,000. Paxton alikuwa mtunza bustani, hakuwa mhandisi wa kuvaa joho. Akili yake ilikuwa kuchagua kioo kimoja chembamba, inchi 49 kwa 10, kisha kukirudia, kukirudia, kukirudia. Ukitaka kioo kimoja kipana utalipia upana huo, utalipia watu wa kukibeba, na kikipasuka umeumia. Kila milimita ya unene wa kioo ina uzito wa kilo mbili na nusu kwa mita mraba. Kioo changu kimoja cha milimita 6 kina kilo 11 hivi. Watu wawili wanakipandisha bila kuomba Mungu.

Yaliyobaki ni mambo madogo ambayo mafundi wengi huyaruka kwa sababu hayaonekani kwenye picha. Nayaandika hapa kwa sababu hakuna aliyeniandikia.

Mteremko kwanza. Kwa kila mita moja, paa lishuke angalau sentimita 25. Likiwa bapa, maji yanasimama, vumbi linakauka juu yake, na baada ya mwaka mmoja una kioo cha rangi ya chai. Likiwa na mteremko, mvua ndiyo kijakazi wako. Hiyo ndiyo maana halisi ya paa lisilosumbua: umeliweka ili mvua ifanye kazi.

Kioo kisiguse chuma. Kikae juu ya ukanda wa mpira, na pembeni kiachiwe nafasi ya milimita tano hivi, kwa sababu mchana chuma kinatanuka na usiku kinajikunja. Kile changu cha kwanza kilipigiliwa kikabanwa. Hata bila kiazi kingepasuka siku moja.

Silikoni ile inayonuka siki usiitumie kwenye lamineti. Asidi yake hula ule utando wa plastiki kuanzia ukingoni. Ipo isiyonuka hivyo. Iulize kwa muuzaji, anaijua. Na silikoni peke yake haizuii maji. Kinachozuia maji ni bati lililokunjwa vizuri kwenye maungio, likiingia chini ya bati la juu na kutokea juu ya bati la chini, kama vigae vinavyopishana. Fundi akikwambia "tutapaka tu silikoni nyingi", mlipe nauli aende.

Mwisho, acha upenyo sehemu ya juu kabisa, uliofunikwa na wavu wa mbu. Hewa moto hupanda. Ipe mlango.

Hesabu yangu hii hapa, na nimeweka risiti kwenye bahasha. Vioo vinne, 13,000. Chuma cha mraba, 5,400. Mpira, silikoni na rangi ya kuzuia kutu, 5,100. Bati la maungio, 2,500. Mzee na kijana wake, siku tatu, 7,500. Jumla 33,500. Hiyo ni chini ya sehemu ya kumi ya ile laki tatu na nusu. Ongeza zile nilizopoteza kwenye upuzi wangu wa kwanza na bado haikaribii. Elfu 33 si pesa ya mchezo, mimi niliandika matangazo mengi ya sabuni kuirudisha. Lakini kuna watu mtaani kwetu wamenunua televisheni ya bei hiyo wakaiweka kwenye sebule yenye giza, na hakuna aliyewaita matajiri.

Sasa wacha nijibu wale watakaokuja mbio.

Utasema: balbu za siku hizi ni bei nafuu na hazili stima. Kweli. Mama alikuwa nayo, ndiyo iliyomfanya achanganye bluu na nyeusi. Balbu ya bei nafuu inakuonyesha kwamba kitu kipo. Jua linakuonyesha kitu chenyewe. Kama kazi yako ni uzi, rangi, kucha, kusuka nywele, kuchora au kusafisha kidonda, tofauti hiyo ni pesa.

Utasema: kwa nini si polikaboneti, ni nyepesi na haivunjiki? Swali zuri, na sitadanganya ili nishinde. Polikaboneti inastahimili kupigwa kuliko kioo chochote cha bei yetu. Kama pesa zako hazifiki, ichukue, lakini ile yenye kinga ya jua, na upande wenye kinga utazame juu. Mafundi huugeuza kila siku, halafu karatasi inakuwa ya manjano. Matundu ya skrubu yawe mapana, kwa sababu karatasi ya mita tatu inaweza kurefuka milimita sita kati ya asubuhi ya baridi na adhuhuri. Mimi nilichagua kioo kwa sababu hakikwaruziki ukikipangusa vumbi, hakizeeki kwa jua, na kipande cha sigara kikianguka juu yake kinazimika tu.

Na kama huna hata pesa ya hiyo? Mwaka 2002 mekanika Mbrazili, Alfredo Moser, alitoboa paa akachomeka chupa ya plastiki ya lita mbili yenye maji na dawa kidogo ya kung'arishia nguo ili yasiote ukungu. Nusu ya chupa nje, nusu ndani. Maji yanatawanya jua chumba kizima. Ni chupa ya soda. Kwa hivyo neno "anasa" tuliweke chini.

Kuna pingamizi moja tu linalonikosesha usingizi. Rafiki yangu aliniambia, "Wewe umejirekebishia paa, lakini yule aliyewazibia bado anakusanya kodi." Ni kweli. Kioo changu hakikumwadhibu mtu. Na waliopanga ndani ya ile ghorofa, ghorofa ya kwanza na ya pili, hawana paa la kutoboa. Kwao juu ni sakafu ya mtu mwingine. Jambo hilo silitatui kwa elfu 33, na atakayekwambia kila mtu ajitafutie mwanga wake anakuuzia kitu.

Lakini kuna jambo moja tunaweza kuanza nalo sote, tulio na ploti na tunaopanga. Kizazi chetu tukienda kuangalia nyumba tunauliza maji, Wi-Fi, usalama, umbali wa steji. Mwanga hatuuliza. Mlinzi anafungua mlango, anabonyeza swichi kabla hujaingia, na wewe unasema nyumba ni safi. Kuanzia leo nenda saa saba mchana, na ukifika mwambie azime stima kwanza. Simama hapo katikati dakika mbili. Kama huwezi kusoma maandishi kwenye risiti yako ya nauli, mwambie mwenye nyumba sababu ya kuondoka, kwa sauti, mbele ya mlinzi. Wakisikia mara 50 wataanza kuhesabu hasara, na hesabu ndiyo lugha wanayoielewa.

Mama sasa ameanza kulalamika. Anasema kioo kinamwonyesha mishono yake ya zamani ilivyopinda. Juzi alitoa rinda alilomshonea dada yangu miaka minane iliyopita, akaliangalia chini ya ule utepe wa mwanga, akanyamaza, kisha akaniambia, "Kumbe nilikuwa nashona hivi."

Halafu akauliza jikoni itafanywa lini.